Kasi ya Reli Ipimwe Hadi Lalago

Mnamo tarehe 1 Agosti, 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua rasmi safari za treni ya umeme baina ya Dar es Salaam na Dodoma. Safari ambayo kwa basi ilimchukua msafiri kutwa nzima sasa yaweza kumalizika kwa muda wa saa tatu au nne hivi. Tangu wakati huo treni hiyo imekuwa ikifananishwa na treni za Japani, katika mazungumzo ya watu wazima na katika madarasa vilevile. Kufananisha si kosa. Ni njia mojawapo ya kujifunza. Lakini anayefananisha hana budi kujua kwanza anapima kitu gani.

Katika jambo hili yamezuka maoni mawili yanayopingana. Wa kwanza husema kwamba mwendo wa kilometa 160 kwa saa ni jambo la kuonea haya, kwa kuwa Wajapani walifikia kilometa 210 kwa saa tangu mwaka 1964. Wa pili husema kwamba reli hii ni anasa ya watu wa mijini, na kwamba mkulima wa pamba wa Lalago hatapata faida yoyote kwa abiria wa Dar es Salaam kufika Dodoma mapema. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimekosea, na kwamba chanzo cha makosa yao ni kimoja: wote wanapima kasi ya treni, ilhali kinachostahili kupimwa ni muda wa mtu na wa mzigo wake.

Lalago ni mji mdogo katika wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, katika nchi ya Usukuma inayojulikana kwa pamba na ng'ombe. Treni haijapata kufika hapo. Stesheni ya wilaya hiyo ni Malampaka, iliyo kwenye reli ya zamani iliyojengwa kutoka Tabora na kufika Mwanza mwaka 1928. Reli mpya ya Isaka hadi Mwanza, iliyowekewa jiwe la msingi mwezi Juni, 2021, inafuata ukanda huohuo. Kwa hiyo Lalago ni mfano mzuri wa maelfu ya miji na vijiji vya Tanzania ambavyo reli hupita karibu navyo bila kuvifikia. Ikiwa reli mpya itamfaa mtu wa Lalago, bila shaka itawafaa wengi. Ikiwa haitamfaa, hapana budi sababu itafutwe.

Walichofanya Wajapani

Yafaa kuanza na Japani yenyewe. Reli za zamani za nchi hiyo zilikuwa nyembamba, zenye upana wa milimeta 1,067, yaani upana uleule wa reli ya TAZARA. Njia kuu kati ya Tokyo na Osaka ilikuwa na kona nyingi, makutano mengi na barabara, na ilikuwa imelemewa na wingi wa abiria na mizigo. Katika miaka ya 1950 wataalamu wengi ulimwenguni waliamini kwamba zama za reli zilikuwa zikipita, na kwamba siku za mbele zilikuwa za motokaa na ndege.

Mwezi Mei, 1957, watafiti wa taasisi ya utafiti wa reli ya Japani walifanya mhadhara wa hadhara mjini Tokyo. Walieleza kwamba treni iliweza kusafiri kati ya Tokyo na Osaka kwa saa tatu, iwapo ingejengewa njia mpya kabisa. Miongoni mwao walikuwamo mainjinia waliokuwa wameunda ndege wakati wa vita. Matsudaira Tadashi, aliyekuwa amechunguza mitetemo ya ndege, alitumia maarifa yaleyale kuchunguza kwa nini magurudumu ya treni huanza kuyumba upande kwa upande mwendo unapozidi. Miki Tadanao alishughulikia umbo la treni ili ipasue hewa kwa wepesi. Ujenzi uliongozwa na injinia mkuu Shima Hideo, chini ya rais wa shirika la reli, Sogo Shinji. Mwaka 1961 Benki ya Dunia iliikopesha Japani dola milioni 80 kwa kazi hiyo. Gharama zilizidi sana makadirio ya awali, na mwaka 1963 viongozi hao wawili waliondoka katika nyadhifa zao kabla ya kazi yao kukamilika. Reli yenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba, 1964.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba Wajapani hawakuanza na treni, bali walianza na swali. Walijiuliza ni nini hasa kinachoizuia treni kwenda upesi, na wakakuta kwamba kizuizi kikubwa si udhaifu wa injini. Kizuizi kilikuwa kona, mitetemo, makutano ya barabara, na jicho la binadamu lisiloweza kusoma alama za njiani katika mwendo mkubwa. Kila kizuizi kilitafutiwa jibu lake. Kona zilinyoshwa, reli ikatenganishwa kabisa na barabara, na alama za njiani zikahamishiwa mbele ya dereva ndani ya treni, pamoja na mtambo unaofunga breki wenyewe mwendo ukizidi kiwango. Tangu mwaka 1964 hakuna abiria aliyepoteza maisha katika reli hizo kwa sababu ya treni kugongana au kuacha njia, ingawa Japani ni nchi ya matetemeko ya ardhi ya mara kwa mara.

Hesabu ya kona

Mwanafunzi wa kidato cha tano anayesoma fizikia anayo tayari hesabu inayohusika. Chombo kinachozunguka kona kwa mwendo v, katika duara lenye nusu kipenyo r, huhitaji mchapuko wa v² gawanya kwa r kuelekea katikati ya duara. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mchapuko huo huongezeka mara nne. Njia pekee ya kuurudisha katika kiwango chake cha awali ni kuifanya kona iwe pana mara nne.

Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha meta 625 na treni inayokwenda kilometa 80 kwa saa, yaani meta 22.2 kwa sekunde. Mchapuko unaopatikana ni takriban meta 0.79 kwa sekunde kwa sekunde. Treni ya kilometa 160 kwa saa ikitaka kupita kwa utulivu uleule, itahitaji kona ya meta 2,500. Nambari hii ya mwisho ndiyo waliyoichagua wajenzi wa reli ya kwanza ya Japani kuwa kona kali kuliko zote katika njia kuu. Walipojenga reli zilizofuata walipanua kona hadi meta 4,000, kwa kuwa walitaka mwendo mkubwa zaidi.

Hapa ndipo inapoonekana sababu ya reli ya zamani ya Tanzania kutoweza kugeuzwa kuwa ya mwendo mkubwa kwa kununua injini mpya peke yake. Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni meta moja, na mahali pengi ilizungukazunguka vilima ili kupunguza gharama za kuchimba na kujaza. Injini yenye nguvu mara kumi isingenyosha hata kona moja. Kwa sababu hiyo ilibidi kujengwa njia mpya, yenye upana wa milimeta 1,435.

Abiria na mzigo katika njia moja

Je, kwa nini basi njia hiyo mpya haikujengwa kwa kilometa 300 kwa saa? Jibu lake limo katika jambo ambalo kila mwendesha baiskeli wa Lalago analijua mwilini ingawa hajaliandika: ukikata kona kwa kasi, unalala upande wa ndani; ukikata polepole, unakaa wima. Treni ya kawaida haiwezi kulala yenyewe kama baiskeli, kwa hiyo mainjinia huinyanyua reli ya nje ya kona kuliko ile ya ndani. Shida ni kwamba mnyanyuko huo, ukishajengwa, haubadiliki. Ukiwekwa kwa ajili ya treni ya kasi, treni nzito inayopita polepole hulalia reli ya ndani na kuila. Ukiwekwa kwa ajili ya treni ya polepole, abiria wa treni ya kasi hurushwa upande wa nje.

Reli ya Tanzania imesanifiwa kwa treni za abiria za kilometa 160 kwa saa na treni za mizigo za kilometa 120 kwa saa. Mraba wa uwiano wa miendo hiyo ni takriban 1.8, na tofauti ya kiasi hicho inaweza kupatanishwa katika kona moja. Lau treni za abiria zingekwenda kilometa 300 kwa saa, mraba wa uwiano ungekuwa 6.25, na upatanisho ungekuwa mgumu mno. Wajapani waliepuka shida hiyo kwa kuipa treni yao ya kasi njia ya abiria peke yao. Mizigo ilibaki katika reli nyembamba za zamani, katika malori na katika meli.

Je, Tanzania ingefaidika kwa kufanya vivyo hivyo? Simiyu ni mkoa unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini. Marobota ya pamba hayahitaji kufika bandarini kwa saa tano. Yanahitaji kufika kwa bei nafuu, kwa siku iliyoahidiwa, bila kunyeshewa. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hupata msuguano mdogo sana kuliko tairi juu ya lami, ndiyo maana injini moja huweza kuvuta mzigo wa malori mengi. Faida hiyo ya reli haitegemei kasi kubwa. Kinyume chake, kasi huila, kwa kuwa nguvu inayohitajika kupasua hewa huongezeka kwa mchemraba wa mwendo: mwendo ukiwa maradufu, nguvu hiyo huwa mara nane. Kwa nchi ambayo reli yake inatakiwa kubeba watu na pamba, ngano na saruji, kilometa 160 si aibu. Ni uamuzi wa busara, na walimu wafundishe sababu zake badala ya kuuombea radhi.

Vilevile ni vema kuwa wakweli katika kutaja majina. Kwa desturi ya kimataifa, reli mpya huitwa ya kasi kubwa ikiwa imejengwa kwa kilometa 250 kwa saa au zaidi. Reli ya Tanzania haimo katika kundi hilo. Kuiita ya Kijapani hakuiongezi hata kilometa moja, bali humnyima mwanafunzi nafasi ya kuelewa kilichochaguliwa na kwa nini.

Udongo wa mbuga na ng'ombe wa mfugaji

Kuna matatizo mengine ambayo Japani haiwezi kutoa jibu lake lililo tayari. La kwanza ni udongo. Wasukuma hupambanua udongo wa kichanga wa miinukoni, wauitao luseni, na udongo mweusi mzito wa mabondeni, ambao ni wa mbuga. Huu wa pili hunywa maji wakati wa mvua ukavimba, na wakati wa kiangazi hunywea ukapasuka nyufa. Kila aliyewahi kusukuma baiskeli katika mbuga baada ya mvua anazijua tabia zake. Tuta la reli likiwekwa juu yake bila uangalifu hupanda na kushuka kwa majira. Reli ikipotoka milimeta chache, treni ya polepole hutikisika tu, lakini treni ya kasi huweza kuhatarika. Kwa hiyo udongo huo hapana budi uondolewe au uimarishwe, na maji yapewe mifereji ya kutosha. Kisha tuta lipimwe mwaka hadi mwaka, wala si siku ya uzinduzi tu. Wajapani hukagua na kutengeneza njia zao kila usiku, treni za abiria zinapokuwa zimesimama.

La pili ni mifugo. Tuseme treni inafunga breki kwa kupunguza mwendo meta 0.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Ikiwa ilikuwa ikienda kilometa 80 kwa saa, itasimama baada ya meta 309 hivi. Ikiwa ilikuwa ikienda kilometa 160 kwa saa, itahitaji meta 1,235 hivi, yaani mara nne. Tena treni ya umeme haina mngurumo wa injini ya dizeli ambao mfugaji amezoea kuusikia kutoka mbali. Mtoto anayechunga ng'ombe akiiona treni mbali kilometa moja ataamini kwamba ana nafasi tele ya kuwavusha. Kwa mwendo ule wa pili atakuwa na sekunde zisizotimia ishirini na tatu, na dereva hataweza kumsaidia hata akimwona.

Ndiyo sababu reli mpya imezungushiwa uzio na kuwekewa vivuko vya chini na vya juu. Anayekata uzio ili kufupisha njia ya kwenda malishoni hakati waya tu. Anaondoa mojawapo ya mambo yaliyoilinda Japani kwa zaidi ya miaka sitini. Hata hivyo, lawama isiwe ya mfugaji peke yake. Kivuko kikiwekwa mbali mno na njia ya asili ya mifugo, uzio utakatwa. Mainjinia wanaopanga vivuko wawaulize wafugaji kwanza, kwa kuwa wao ndio wanaojua ng'ombe hunywa maji wapi mwezi wa tisa.

Saa za msafiri wa Lalago

Sasa turudi kwa msafiri. Tufanye hesabu ya kukisia, kwa ajili ya mfano tu. Tuseme treni inasafiri kilometa 1,080 kutoka stesheni ya Usukuma hadi Dar es Salaam kwa wastani wa kilometa 120 kwa saa. Itatumia saa 9. Lakini msafiri wa Lalago amengoja gari saa 2, akasafiri hadi stesheni saa 2, akaingoja treni saa 2, na baada ya kushuka akatumia saa 1 kufika aendako. Safari yake yote ni saa 16, na kati ya hizo saa 7 hakuwamo katika treni.

Kuna njia mbili za kumpunguzia muda. Ya kwanza ni kuongeza wastani wa treni hadi kilometa 240 kwa saa. Atapunguziwa saa 4 na nusu, kwa gharama ya kujenga upya kona, madaraja, nyaya na mabehewa katika njia nzima. Ya pili ni kupanga ratiba ya magari ya Maswa na Lalago ilingane na ratiba ya treni, ili saa 4 za kungoja ziwe saa 1. Atapunguziwa saa 3, kwa gharama ya karatasi, simu na nidhamu. Njia ya kwanza huwafaa zaidi wakaao karibu na stesheni. Njia ya pili humfaa hasa aliye mbali.

Hili nalo Wajapani wanalijua. Treni yao ya kasi ina sifa kubwa, lakini abiria anayeshuka hukuta treni ndogo na mabasi yanayompeleka mbele kwa saa zilizopangwa. Mgeni huisifu ile treni ndefu aliyoiona pichani. Mwenyeji huishi kwa ile ndogo. Yafaa watu wa Simiyu, wanapoizungumzia stesheni, waulize pia juu ya barabara inayofika huko wakati wa mvua, ghala la kuwekea marobota, na gari litakaloondoka treni ikishafika.

Kazi ya shule

Yapo mambo ambayo hayawezi kuagizwa kutoka nje. Mabehewa ya abiria ya reli mpya ya Tanzania yametoka hasa Korea, na ujenzi umefanywa na makampuni ya Uturuki na China. Hakuna ubaya katika kununua. Hata Japani ilianza kwa kununua injini za Uingereza katika karne ya 19. Lakini ilipofika mwaka 1957 Wajapani walikuwa na watu wao wenyewe wa kuuliza swali na kulijibu. Watu wa namna hiyo hutoka katika madarasa ya hesabu na fizikia, kisha wakapitia vyuo kama Chuo cha Reli cha Tabora, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Yafaa pia wanafunzi wajue kwamba utafiti hauhitaji siku zote mitambo mikubwa. Injinia mmoja wa Japani, Nakatsu Eiji, alikuwa mpenzi wa kutazama ndege. Treni yake ilipoingia katika mahandaki kwa kasi ilisukuma hewa na kutoa mshindo upande wa pili. Alikumbuka jinsi mdiria anavyozama majini bila kurusha maji mengi, na pua ya treni iliyoanza kazi mwaka 1997 ikatengenezwa kwa kufuata mdomo wa ndege huyo. Midiria wako tele katika ufuko wa Ziwa Viktoria. Kinachohitajika ni mtu wa kuwatazama kwa makini.

Kwa hiyo shule za sekondari za Lalago, Maswa na Bariadi zinaweza kuanza kazi bila kungoja treni. Wanafunzi waandike, kwa muda wa muhula mmoja, magari hupita saa ngapi, hungojewa muda gani, na hukwama wapi mvua ikinyesha. Wachore ramani ya njia za mifugo kuelekea Malampaka. Wapime ni kiasi gani udongo wa mbuga huvimba katika kopo ukitiwa maji. Matokeo hayo yakipelekwa kwa halmashauri na kwa Shirika la Reli, yatakuwa na thamani kuliko malalamiko na kuliko sifa. Kisha siku mwalimu wa hesabu atakapouliza kasi ya treni ni ngapi, mwanafunzi awe na ujasiri wa kumwuliza naye: kutoka wapi hadi wapi?